Mjusi Asiyemkumbuka Mtu

19 Septemba
Mtoto ameletwa leo asubuhi, pamoja na upepo. Anaitwa Tegan, ana miaka saba, ana pumu. Mizigo yake ni mkoba wa shule na mfuko mmoja wa plastiki wenye nguo. Anneke wa ofisi ya watoto amemleta kwa gari kutoka Port Pirie. Chai ameinywa akiwa amesimama, kama kawaida yake.

"Mama yake amelazwa Adelaide," aliniambia pale jikoni, sauti chini. "Ni ule ugonjwa wa huzuni, Merle, ule mkali. Hakuna aliyempiga mtoto, hakuna pombe. Mama ni mgonjwa tu, na hana ndugu."

"Nitakaa naye hadi lini?"

"Mpaka mavuno yaishe, labda. Nisikudanganye, sijui."

Tangu mume wangu Des alipofariki, watoto wengi wamelala kile chumba cha nyuma. Wengine siku chache, mmoja karibu mwaka. Nawapikia, nawafulia, nawapeleka shule, halafu wanaondoka. Watu wa hapa Peterborough husema nina moyo mkubwa. Mimi najua ninachokikimbia. Nyumba hii ikiwa kimya, nasikia friji ikiunguruma kutoka chumbani.

20 Septemba
Hajasema neno.

21 Septemba
Hajasema neno. Upepo umeangusha uzio wa kuku.

24 Septemba
Nimemkuta amelala kifudifudi kwenye vumbi, nyuma ya tangi la maji. Nilidhani ameanguka, nikakimbia na taulo mkononi. Kumbe anamtazama mjusi mdogo wa kahawia anayeota jua juu ya bomba.

Hakugeuka. Akauliza, "Anakula nini?"

Siku zote hizo, neno la kwanza likawa hilo. Nikamjibu kwamba nadhani anakula wadudu.

"Unadhani, au unajua?"

"Nadhani."

Akashusha pumzi, kama mtu aliyekuja ofisini akakuta karani hafahamu kazi. Nilirudi ndani nikacheka peke yangu kwenye sinki.

28 Septemba
Anataka mjusi wake mwenyewe. Paka hawezi, mbwa hawezi, manyoya yanamziba kifua. Amenieleza haya yote mezani, kwa mpangilio, kijiko mkononi, nikajua amekuwa akiyafikiria siku nyingi.

Nimemwambia hapana. Nina sheria moja na watoto hawa: siwapi kitu chenye uhai. Niliwahi kumwona mtoto akibanduliwa kutoka kwa mbwa wake hapo getini, na yule mbwa akakaa siku kadhaa akitazama barabara. Mjusi wa kufugwa anaweza kuishi miaka kumi, kumi na tano. Mtoto huyu yuko hapa msimu mmoja.

Hakulia. Akasema tu, "Sawa," akaenda kupiga mswaki. Afadhali angelia.

3 Oktoba
Manyunyu kidogo. Hayatoshi.

7 Oktoba
Nimekutana na Val Noske dukani. Val ndiye mwanamke pekee hapa mjini anayefuga mijusi. Amejaza banda zima nyuma ya nyumba yake, na nguo zake zinanuka majani makavu. Hatujazungumza vizuri tangu yale maonyesho ya kilimo alipokuwa jaji wa keki. Alinipa nafasi ya tatu, akaandika kwenye kikadi neno moja: "Kavu." Des alikuwa na mwezi mmoja tu kaburini. Wakati wa kuoka ile keki sikuwa hata nikiona vizuri.

Leo amenisimamisha kando ya viazi. "Nasikia una mtoto anayependa mijusi."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kaning'ang'ania pale kwenye uzio wa shule, kaniuliza maswali mpaka kengele ikalia. Mlete kwangu."

Nikamwambia asante, hatuhitaji. Nikasahau kununua viazi.

12 Oktoba
Joto limeanza. Ngano inageuka rangi. Tegan anaongea sasa, lakini na mijusi wadogo wa kwenye tangi tu. Mimi ananiita "wewe".

21 Oktoba
Siku mbaya, na nadhani nimeifanya kuwa mbaya zaidi.

Tulikuwa tunarudi kutoka Jamestown kwa daktari wa kifua. Karibu na maghala ya nafaka, Tegan akapiga kelele, "Simama!" Nikasimama. Pembeni mwa lami kulikuwa na wasinziaji wawili, wale mijusi wazito wa huku kwetu, wenye magamba kama koni ya msonobari na mkia mnene mithili ya kichwa cha pili. Mmoja alikuwa amekanyagwa na lori. Mwingine alikuwa mzima, amesimama ubavuni mwake, anamsukuma kwa pua. Anasukuma, anangoja, anasukuma tena.

Kila mtu wa huku anajua habari zao. Majira haya ya machipuko dume humfuata jike lake, lilelile kila mwaka, wakatembea pamoja wiki nyingi. Mimi mwenyewe nimeshawapita mara ngapi bila kukanyaga breki. Ila leo sikuweza kuondoa macho. Mwili wangu ulijua anachofanya yule mjusi.

"Tumchukue," Tegan akasema. "Yuko peke yake."

"Huyo ni wa porini, mpenzi. Sheria hairuhusu. Na hapa ndipo kwao."

"Tumchukue!"

"Tegan, malori yanapita. Ingia kwenye gari."

Nilimshika mkono nikamwingiza. Njia nzima alitazama nyuma. Tulipofika nyumbani akasema, bila hasira hata kidogo, "Nyie wote mnaacha tu."

22 Oktoba
Nataka kuandika kabla sijaanza kujieleza vizuri kuliko ilivyokuwa.

Shule walinipigia baada ya chakula cha mchana. Tegan hayupo. Mkoba haupo. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya dawati.

Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza, ule wa moto unaobeba udongo wote wa mashambani. Nilipotoka nje sikuweza kuona nyumba ya jirani. Nikapita shuleni nikachukua dawa, nikashika barabara ya maghala, taa zimewashwa mchana kweupe, naenda polepole kwa hofu ya kumgonga mimi mwenyewe. Nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa namwambia Des aniambie pa kutazama, mimi ambaye sijaongea na Des kwa sauti tangu mazishi.

Kwanza nikaona gari la Val, ile pikapu yake ya kijani, imeegeshwa kwa kukinga upepo, taa za hatari zinawakawaka. Nyuma yake, chini kabisa kwenye changarawe, Val alikuwa amekaa amenyoosha miguu kama mtu aliye ufukweni, ameshika mwavuli mkubwa. Ndani ya mwavuli alikuwepo Tegan. Mbele yao yule msinziaji, bado yuko pale pale na mwenzake.

Tegan alikuwa akihema kwa filimbi, midomo imepauka. Nikampa dawa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamshika mkono nimwinue.

"Mwache kwanza, Merle," Val akasema. "Kaa chini."

"Chini wapi?"

"Chini, mama! Hujui chini ni wapi?"

Nikakaa. Changarawe ilikuwa ya moto, sketi yangu nzuri ikajaa vumbi. Tukakaa watatu pale mpaka kifua cha mtoto kikafunguka. Lori likapita, dereva akatupigia honi na kutushangaa.

"Nilimkuta amemvulia sweta," Val akanieleza baadaye, taratibu. "Alitaka kumfunika na kumtia kwenye mkoba. Nikamwambia nitakaa naye, ila huyu hatumgusi. Ana kazi yake hapa, ataimaliza, ataondoka."

Tegan akauliza, "Ataenda wapi?"

"Kwenye vichaka vile. Ana njia zake, anazijua kuliko mimi ninavyolijua jiko langu."

"Peke yake?"

"Mwaka huu, ndiyo. Peke yake."

Nilitegemea Val aongeze neno la kufariji. Hakuongeza. Na mtoto, badala ya kulia, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akanyanyuka mwenyewe, akanipa mkono. "Twende," akasema.

Val alikuwa anakunja mwavuli. "Jumamosi mlete," aliniambia, na safari hii sikukataa.

24 Oktoba
Val amepiga simu. Msinziaji kaondoka. Ilikuwa simu fupi, lakini baada ya kuikata nilibaki nimekaa pale kwenye kiti.

26 Oktoba
Banda la Val ni safi kuliko nilivyomfikiria mwenyewe. Masanduku ya kioo ukutani, kila moja na taa yake ya joto.

Akamwonyesha Tegan kwanza mjusi wa ndevu, dume la rangi ya machungwa. Lilipanda begani kwake, likavimbisha ndevu, likatikisa kichwa kama mzee anayekataa bei. Kila mtoto angelichukua lile. Tegan alilitazama vizuri, akauliza, "Anajua watu?"

"Huyu? Sana. Nikiingia anakimbilia kioo."

"Basi hapana."

Akaletwa mjusi kafiri mwenye madoa. Hapana, anaruka. Wakaletwa mijusi wa ndevu wachanga, wote wamepandana chini ya taa moja. Akawatazama kwa muda mrefu.

"Nikichukua mmoja, hawa wengine watamtafuta?"

"Watafurahi kupata nafasi."

"Na yeye?"

Val akajikuna shingo. "Unatafuta mjusi wa namna gani hasa, binti? Sema, nikusaidie."

Tegan akasema, "Nataka yule ambaye ukimwacha hajali."

Nilijifanya natazama kipimajoto.

Val alichuchumaa, magoti yakalia. "Sikiliza. Mjusi hakupendi. Watu watakwambia anakupenda, ni uongo. Anapenda joto, anapenda konokono, anakuzoea. Ukiondoka na joto likabaki, analala vizuri."

Nilitaka kumfinya. Hivyo ndivyo mtu anavyoongea na mtoto? Lakini uso wa Tegan ulikuwa umelegea, kama amevua kiatu kinachobana.

"Kuna anayependa kuishi peke yake kabisa?"

"Yupo," Val akasema. "Ulimi-buluu. Lakini huyo siku nyingine. Rudi nyumbani ukafikirie kwanza."

28 Oktoba
Sheria yangu nimeivunja. Anneke anasema mjusi ni sawa kwake, ila mama lazima akubali. Kwa hiyo nimempigia Jodie, mama yake, kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilitoka mbali, kama mtu aliye chini ya maji.

"Mjusi? Kwa nini isiwe mdoli?"

"Anataka mjusi."

"Naogopa sana mijusi," akasema. Kisha, "Mpe." Akakata.

Hata hakuuliza mtoto analalaje. Nimefua mashuka mawili kwa hasira.

2 Novemba
Leo amechagua.

Val alimtoa ulimi-buluu aliyezaliwa mwaka jana, mwenye urefu wa kiganja na nusu, mwili kama soseji, miguu midogo ya kuchekesha. Tegan akakaa sakafuni akamweka mapajani. Mjusi akatoa ulimi, wa buluu kweli, akaurudisha. Akaingia ndani ya mkono wa sweta la Tegan, akatulia humo.

"Sasa anafanya nini?"

"Hafanyi kitu," Val akasema. "Kapata giza na joto. Atakaa hapo mpaka Krismasi ukimruhusu."

"Anakukumbuka wewe?"

"Mimi? Nimemlisha tangu azaliwe, na hajawahi kunitazama mara mbili."

Tegan akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Ni kicheko kizito, cha mtu mzima. "Huyu," akasema.

Amempa jina Doreen. Val akamwambia kwamba hawa huwezi kujua kirahisi dume au jike. Tegan akajibu kwamba Doreen ni jina la mtu yeyote.

Njiani nyumbani akanishauri niendeshe polepole. "Bibi, kona," akasema. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kesho kwamba nilisikia vibaya. Bibi.

5 Novemba
Tumeokota konokono chini ya sufuria za maua. Doreen kala watatu, na ndizi, na yai langu.

11 Novemba
Mashine za kuvuna zimeingia mashambani. Vumbi la ngano hewani. Tegan ndani siku nzima na madirisha yamefungwa, anamsomea Doreen kwa sauti. Nimekaa kwenye korido nikasikiliza hadithi yote ya bata.

16 Novemba
Val alikuja kumtazama mjusi, akabaki kwa chai. Nilikuwa na keki. Alikula vipande viwili.

Mwishowe akasema, "Ile ya mwaka ule, Merle. Nilijua Des amekufa. Nilidhani nikikupendelea utajua nakuonea huruma."

"Ningependa kuonewa huruma," nikamwambia. "Hakuna aliyenihurumia."

Akatazama nje dirishani. "Na mimi sijui kumhurumia mtu," akasema. "Ndiyo maana nafuga mijusi." Hakuniomba radhi, lakini vikombe alivifuta yeye.

23 Novemba
Joto kali. Doreen anajichubua ngozi, anaacha vipande kama karatasi. Tegan anavihifadhi kwenye kikopo "kumwonyesha mama". Mara ya kwanza kumtaja.

30 Novemba
Jodie amekuja kumwona mtoto, Anneke kamleta. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Ni binti mdogo. Sijui kwa nini nilidhani ni mwanamke mkubwa. Mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa, nywele amezichana kwa uangalifu wa mtu anayekwenda mahakamani. Tegan hakumkimbilia. Alisimama mlangoni akiwa amembeba Doreen kifuani kama ngao.

"Huyu ni Doreen," akasema. "Hakumbuki mtu."

Jodie akaweka mkoba chini. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Akakaa sakafuni kwenye zulia langu, akakunja miguu, akafumba macho kabisa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe," akasema.

Tegan akamtazama. Akaja, akamweka Doreen kwenye ile mikono. Mjusi akatembea, kucha zake ndogo kwenye ngozi tupu, akapanda mpaka kwenye kiwiko, na mwanamke yule akawa anatetemeka mwili mzima na machozi yanapita chini ya kope zilizofungwa, lakini mikono haikushuka. Sijui ilikuwa muda gani. Tegan akakaa pembeni yake. Halafu akaegemea.

Nilitoka nje kwenda kuwapa kuku maji ambayo walikuwa nayo.

Alipokuwa anaondoka Jodie akaniuliza, "Analalaje?" Akasema alitaka kuniuliza siku ile kwenye simu, akaogopa jibu.

7 Desemba
Wanaondoka Jumamosi ijayo. Jodie amepata nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Anneke anasema mwenye nyumba hataki wanyama.

Niandike ukweli: nilifurahi. Doreen angebaki hapa, na mtoto angelazimika kuja kumwona. Nilishaanza kupanga ni wikendi zipi.

10 Desemba
Jodie amempigia mwenye nyumba asubuhi, mchana na jioni mpaka akachoka, akakubali mjusi. Anneke alinipa habari hiyo kwa shangwe. Nikasema ni vizuri sana. Nikaenda kuanika nguo, nikazianika zote kinyume.

14 Desemba
Wameondoka.

Val alikuja kufunga sanduku la kioo kwenye gari. Alimfundisha Jodie kila kitu, na Jodie akaandika. Tegan akanikumbatia kiunoni, kwa nguvu, upesi. "Usikae peke yako sana, Bibi," akasema. Halafu akaingia kwenye gari, na aliyetazama nyuma safari hii sikuwa nimemtegemea: Jodie.

15 Desemba
Friji.

18 Desemba
Mavuno yamekwisha. Malori hayapiti tena.

25 Desemba
Mwanangu Rohan kapiga simu kutoka Perth, dakika chache, watoto wake wanapiga kelele nyuma. Mchana nilikwenda kwa Val. Tulikula nyama baridi bandani kwa sababu ndiko kwenye kiyoyozi.

31 Desemba
Ofisi wamepiga. Kuna ndugu wawili wanahitaji pa kulala. Nimesema bado. Sijawahi kusema bado.

4 Januari
Joto. Nimeshinda ndani.

9 Januari
Simu imelia nikiwa naosha kikombe changu. Nilijua ni Tegan. Nikaikimbilia na mikono yenye povu.

Alikuwa Jodie, ananong'ona.

"Hajala siku tatu. Doreen. Tegan yuko kwa jirani anaogelea, hajui. Akifa huyu, Merle, mimi sijui..."

"Taa umeiweka wapi?"

"Mbali. Ukutani kule. Naogopa kuweka mkono karibu naye."

"Uliweza kumshika hapa kwangu."

"Hapo ulikuwepo wewe," akasema.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia aweke simu mezani ili niwe nasikia. Afungue kifuniko. Aisogeze taa. Asikimbie. Nikawa namwambia kila hatua, na kutoka kule nasikia pumzi zake, kioo kikigonga, na mara moja yowe dogo, halafu kicheko cha kushangaa. Akaponda ndizi, akaweka. Tukasubiri. Mjusi akatoka chini ya gazeti lake, akalala chini ya taa. Hakula. Nikamwambia atakula kesho au kesho kutwa, wako hivyo wakikosa joto.

Nilidhani ataaga. Hakuaga. Nilisikia akikaa chini, nadhani sakafuni. Akasema huko kwao mchana ni mrefu sana Tegan akitoka. Nikamwambia na huku ni mrefu.

"Umepika nini leo?" akauliza.

"Bado sijapika."

"Na mimi bado," Jodie akasema.

Nikamwuliza ana nini ndani. Akasema ana viazi, na vitunguu, na hajui aanzie wapi. Nikamwambia achukue kisu, aanze na kitunguu.